Usibaki kwa Sababu ya Mchanga

Aziza, mama yangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo nikirudi kutoka msikitini, na hali yangu unaijua, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Ukitoka kuwaaga shangazi zako utakuta sanduku lako halipo chumbani. Usipige kelele, hakuna mwizi. Nimelipeleka mwenyewe bandarini Kalundu asubuhi hii, kwa toroli ya mchanga, na limekwisha kupakiwa kwenye boti inayoenda Kalemie. Nimewaambia watu wa boti kwamba mwenye sanduku atafika kesho alfajiri. Sasa ukitaka kubaki Uvira utabaki na gauni hilo ulilovaa na moja la safari, na mama yako ameapa hatakuazima lake.

Neno lako la jana nililisikia. Tulikuwa tunakula, mvua inapiga, na wewe ukasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Baba, minye siende kwanza. Ukuta ya upande ya ziwa imelegea, na mugongo yako iko mubaya. Nitangoja mvua ipite, kisha nitaenda." Mama yako aliacha kutafuna. Mimi nilisema, "Tutaona." Kisha nikanawa mikono, nikatoka nje kutazama mifuko ya mchanga, kama ninavyotoka kila mara panapokuwa na jambo la kujibiwa ndani ya nyumba.

Jibu langu ni hili, na nimeliandika kwa sababu najijua: mdomoni lingegeuka kuwa kitu kingine. Nenda. Chuo cha wakunga hakitaingoja mvua ya Uvira. Nafasi yako wameiweka mpaka masomo yaanze, na masomo yakianza atapewa mwingine. Boti inayofuata hakuna anayejua itapakia lini. Barabara ya Bukavu leo iko wazi, kesho imefungwa, na mpaka wa Burundi nao ni hivyo hivyo. Ukikosa kesho, umekosa.

Mambo ya sabuni, ya kufunga mlango, ya kumsalimu mjomba wako wa Kalemie kila asubuhi hata kama amenuna, mama yako ameyasema wiki nzima na ataendelea kuyasema mpaka boti iondoke. Sitayarudia. Nitasema ninayoyajua mimi, na ninayoyajua ni machache.

Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwako. Dirisha lako liko usawa wa magoti yangu. Nikisimama, kofia inagusa mbao za paa, na mvua ikianza naisikia kama inanipiga kichwani. Nimekaa humu tangu adhuhuri, na hii ndiyo mara ya kwanza nakaa muda mrefu katika chumba chako tangu ulipokuwa unanyonya. Sikujua kwamba pako hivi. Yaani nilijua, maana mimi ndiye niliyefanya, lakini sikuwa nimewahi kukaa ndani yake.

Ulikuwa bado mdogo maji yalipoingia mara ya kwanza. Majirani wengine walihamia juu, upande wa milima. Wengine walikwenda Runingu kulima, na tukawacheka, tukasema wafanyabiashara gani hawa wanaokwenda kushika jembe kwa kuogopa maji. Mimi nilisema ziwa litarudi kwao, na kweli lilirudi kidogo. Hilo ndilo lililoniharibu. Kama lisingerudi hata hatua moja, tungekuwa tumehama mwaka ule ule.

Nikaleta udongo nikaumwaga vyumba vyote mpaka usawa wa kisigino, nikaushindilia, mama yako akaulainisha juu. Tukawa wakavu. Mvua za mwaka uliofuata maji yakapanda tena, nikaongeza udongo. Mlango ukakataa kufunguka, nikaukata kidogo chini. Mwaka mwingine nikaongeza tena, nikakata tena. Sasa mlango wa nyumba ya babu yangu umekuwa kama wa banda la mbuzi, na wageni wetu wanaingia kama wanaosujudu. Mwenyewe nilikuwa nawatania, nawaambia ndiyo heshima ya nyumba hii.

Na wewe ulikuwa unakua. Sakafu inapanda, na wewe unapanda, mpaka mkakutana na paa. Siku moja nilikuona unatoka chumbani umeinama. Ukafika nje uwanjani, ambako juu hakuna kitu isipokuwa mbingu, na bado umeinama. Mama yako aliliona pia. Alinitazama. Mimi nikakupigia kelele, "Nyoosha mugongo, weye mutoto!" Nikachukua koleo langu nikaenda zangu mtoni kuchota mchanga.

Kuna utamu katika kazi ile, na nisipokwambia utamu wake hutanielewa. Mtu akisimama karibu na maji anajaza mifuko, kila apitaye anampongeza. "Pole na kazi, Mzee!" "Mzee, weye ni mwanaume!" Duka la vitenge nalifunga kabla ya adhuhuri, nakuja kujaza mifuko, na hakuna anayesema nimefunga duka; wanasema ninaokoa nyumba. Jioni mikono inauma, mgongo unauma, nakula kama mtu mwenye haki ya kula. Mifuko ile inaoza kwa jua, mchanga unatoka, mwaka unaofuata naanza upya. Na ule mwaka kiboko alipotoka majini kutafuta majani, akapita juu ya ukuta wangu akaulaza wote kwa tumbo lake, mtaa mzima ulicheka isipokuwa mimi. Asubuhi nilikuwa mtoni tena.

Ndipo ukaniuliza. Ulikuwa umeshika mdomo wa mfuko nami natia mchanga, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa, "Baba, mupaka lini?"

Nilikukaripia, nikakwambia watoto wanaouliza maswali ndio wavivu, ubebe mfuko. Hukuuliza tena. Mama yako naye alikuwa ameuliza miaka iliyopita, akaacha. Nilidhani ameacha kwa sababu amekubali. Leo nafikiri aliacha kwa sababu alichoka kuona nikitoka nje.

Hii nyumba watu wanasema ni jina letu. Babu aliijenga, baba alizaliwa humo, mimi nilizaliwa humo. Nimeitumia sana hoja hiyo, nimewafunga nayo midomo watu wengi. Leo mchana imenijia kwamba babu hakuzaliwa humu. Wazee wake walivuka ziwa na bidhaa zao, wakakaa mahali, biashara ikafa, wakahama, wakakaa pengine, wakahama tena. Babu mwenyewe aliacha nyumba mbili nzuri kabla ya hii, na hakuililia hata moja. Alijenga hapa kwa sababu hakuogopa kuacha kule. Nami nimemgeuza kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, nikamlinda kwa mifuko.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike.

Jana uliposema unabaki, nilifurahi.

Sikusema "tutaona" kwa sababu nilikuwa nafikiri. Nilisema hivyo kwa sababu furaha ilinijaa na nikaona aibu mama yako asije akaiona. Kabla hujamaliza maneno yako nilikuwa nimeshakupanga: wewe utashika mdomo wa mfuko, mimi nitatia mchanga, na upande wa ziwa tutaumaliza kabla ya Ijumaa. Binti yangu anaacha chuo, na mimi napanga mifuko. Nilitoka nikasimama kwenye mvua, nikajiogopa. Nikaona kwamba nyumba hii ingekumeza na mimi ndiye ningeishikia mlango.

Unakumbuka siku mama mdogo Shani alipojifungua? Ulitoka naye asubuhi kwenda maternite ukarudi jua linazama. Siku hiyo nilikutafuta unisaidie, sikukuona. Nikakungoja mlangoni.

"Siku muzima weye ulikuwa wapi?"

"Maternite, Baba. Kwa mama mudogo."

"Unafanya nini huko? Weye ni munganga?"

"Nilikaa naye. Alikuwa ananishika mukono."

"Siku muzima? Mukono tu?"

"Ndiyo, Baba. Mukono tu."

Nikasema maneno mengi siku ile, ya kupoteza wakati, ya watoto wa siku hizi. Mimi nilikuwa nimejaza mifuko tangu alfajiri, ngozi ya viganja imechubuka, na katika nyumba ile nilijiona mimi peke yangu ndiye niliyefanya kazi. Usiku ule wimbi likapiga na upande wote nilioujenga ukalala chini. Mtoto wa Shani sasa anakimbia na kutukana. Shani mwenyewe mpaka leo akikuona anakushika mkono kwanza, ndipo anakusalimu. Nimeliona hilo mara nyingi na nimejifanya sikuliona.

Ulirudi kutoka pale unajua unachotaka kufanya na maisha yako. Mimi nilikuwa nakuita mvivu.

Tangu adhuhuri natafuta namna ya kukueleza jinsi ya kujua lipi lina maana na lipi ni bure, kwa sababu huko unakokwenda hakuna atakayekuamulia. Nilidhani ni rahisi. Nikaandika kwamba kazi ya bure ni ile unayoirudia kila siku. Halafu nikamsikia mama yako uani anasugua sufuria, zile zile alizosugua jana. Kesho zitakuwa chafu tena. Lakini tulikula, wote watatu, kwa hiyo hiyo si bure, na nikaikata ile sentensi. Nikafikiri basi ni kule kukaa tu bila kuchoka. Lakini wewe ulikaa siku nzima kwenye kiti cha mbao na mtu akazaa salama. Na mimi nilichoka. Mtaa huu hauna mtu aliyechoka kama mimi. Uchovu hauonyeshi chochote, na limeniuma kuliandika, maana uchovu ndio niliokuwa najivunia.

Dalili moja ninayoijua kwa hakika ni hasira. Mtu akimuuliza mama yako kwa nini anaosha sufuria, atacheka. Ungeulizwa siku ile kwa nini unamshika Shani mkono, ungesema, na ulisema, kwa maneno mawili. Mimi niliulizwa swali dogo la mtoto, mpaka lini, nikapandwa na ghadhabu kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Siku ukijiona unafoka kwa sababu mtu amekuuliza unachofanya ni cha nini, usimjibu yeye kwanza. Weka chini ulichoshika, ujiulize mwenyewe.

Nyingine ni kutazama kazi hiyo inakutoa wapi. Mimi kila mara nilichukua koleo wakati fulani: mama yako alipotaka tuzungumze juu ya kuhama, wewe ulipoleta matokeo ya shule, siku tuliyopata habari kwamba mdogo wangu amefariki kule mjini Baraka. Nililia nikijaza mifuko siku ile, na watu wakadhani ni jasho. Hakuna aliyenigusa bega, kwa sababu mtu mwenye kazi hasumbuliwi.

Huko chuoni, na baadaye kwenye wodi, utapewa shughuli nyingi, na nyingine ni za lazima, uzifanye vizuri. Lakini itakuja siku mama mmoja analia kitandani, mambo yake hayaendi sawa, nawe huna dawa ya kumpa. Utajikuta unafagia mahali palipo safi, unapanga chupa zilizokwisha kupangwa. Wakubwa wako watakusifu kwamba una bidii. Siku hiyo weka ufagio, urudi ukakae naye. Ulikuwa unajua kufanya hivyo kabla hawajakufundisha chochote, na naogopa wasije wakakusahaulisha.

Na simu yako hiyo unayoipapasa kwa kidole mpaka saa sita za usiku, sitaisema. Mtu aliyemwaga mchanga ziwani miaka yote hii hana uso wa kukusema juu ya simu. Mama yako anao.

Kuna gauni la kijani juu ya mto wako. Wiki iliyopita nilitaka ushonewe kitu cha safari, nikasimama dukani mbele ya vitenge, vimejaa mpaka juu, nikagundua sijui unapenda rangi gani. Mimi, mwuza vitenge. Nilimuuliza mama yako. Akasema, "Umuulize yeye mwenyewe, iko hapa." Sikuweza. Ningekuulizaje rangi leo, na umeishi nami miaka yote? Nikachukua kijani. Kama hulipendi, livae kesho tu nikuone unaondoka nalo, ukifika Kalemie mpe mtu. Halafu uniambie rangi yako. Nitafurahi sana kuijua.

Utaniuliza: basi Baba, kama unayajua yote haya, kwa nini usihame na wewe? Ni swali la haki, na leo sitakasirika. Najua, na bado siwezi. Kesho nikitoka kukusindikiza nitapita pale mtoni, na mikono itachukua koleo kabla sijaiambia kitu. Nikihama nitakuwa nimekubali kwamba miaka ile yote ilikwenda na maji, pamoja na jioni zako zote ambazo sikukaa nawe. Kila mfuko ninaouongeza unanisaidia nisikubali bado. Mama yako anasema labda wewe ukiondoka nitachoka haraka zaidi. Alilisema akicheka, lakini hakuwa anacheka. Nimemwambia kwamba akitaka kutangulia kwa dada yake kule juu, atangulie, sitamzuia. Hajanijibu. Sikukupa habari hiyo ili ubaki kutuamulia. Ni mambo ya watu wazima wawili walioyaacha yakae mno, na tutayamaliza au yatatumaliza, lakini wewe huna zamu humo.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa, usilisome haraka.

Nitakupigia simu. Sijui lini. Itakuwa ni siku mvua imepiga tangu usiku na ziwa limevimba. Nitakwambia ukuta umeanguka, maji yako sebuleni, niko peke yangu na mgongo hauinuki. Sauti yangu itakuwa ya kweli na maji yatakuwa ya kweli. Nitasema, "Mama, kuja siku kidogo tu, utusaidie, kisha utarudi kusoma." Huenda nikalia, machozi siku hizi yako karibu. Kama mama yako anaumwa, au mimi naumwa kitandani, atakuita yeye, kwa simu yake. Tumepatana hivyo leo, na yeye ukimsikia uje. Lakini ikiwa ni mimi, na ni kwa ajili ya maji na mchanga, unijibu tu, "Pole, Baba. Minye niko kazini."

Nitakasirika. Nitakuita mtoto asiye na huruma, nitamtaja babu na kaburi lake, nitasema nimekulea bure. Nitakata simu. Wewe ulie kidogo kama utalazimika, ujifute uso, urudi kwa mgonjwa wako.

Huyo atakayekupigia atakuwa baba yako, na atakuwa anakupenda. Lakini huyu anayekuandikia leo naye ni baba yako.

Umsikilize huyu.